Kitovu Hakihami

Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye meza hii,
ghorofa ya tatu, mtaa wa Batel, Curitiba,
dirishani mvua nyembamba isiyojua kuacha,
nami najibu.

Nitasikia maumivu? Kisu hutakisikia.
Utaamka koo limekauka, unauliza ni saa ngapi.
Yatapasuka nikipanda ndege? Hayatapasuka.
Ni ya milele? Hapana, mama, hata paa hubadilishwa bati;
miaka kumi, kumi na mitano, huenda tukaonana tena.
Nitaweza kunyonyesha? Wengi huweza. Siahidi.
Na chuchu, zitabaki na hisia zake?
Hapo hushusha sauti, hata kama chumba ni kitupu,
nami hushusha yangu:
huenda zikafa ganzi miezi kadhaa, huenda zikarudi,
na wapo ambao hazikurudi.

Sigara? Wiki nne kabla, wiki nne baada,
usiniangalie hivyo, naisikia kwenye koti lako.
Nitapungua kilo ngapi?
Hii si mizani, ni cherehani.

Jumanne alikuja Dirce Wolski,
mshona mapazia wa São José dos Pinhais,
miaka hamsini na miwili, kucha fupi,
maswali kayaandika nyuma ya risiti ya gesi.
La kwanza: kitovu changu mtakipeleka wapi?
Hakihami, nikamwambia. Ngozi ndiyo inayovutwa chini
kama shuka juu ya godoro,
kisha daktari hutoboa tundu jipya
na kitovu kile kile, pale pale alipokuachia mama yako,
huchungulia.
Alicheka. "Basi ni pazia tu," akasema,
"mnalipunguza urefu."
Ndiyo. Ni pazia.

La nne lilikuwa limekatwa kwa kalamu,
kisha likaandikwa upya pembeni.
Na hili kovu langu la zamani, la uzazi?
Nikajibu upesi, kama ninavyojibu siku zote:
linaondoka, lote, pamoja na ngozi inayokatwa;
utapata jipya, refu zaidi, chini zaidi, chupi italificha.
Wengi hufurahi hapo.
Yeye aliikunja risiti mara mbili,
akaikunjua.
"Lina sentimita kumi na moja.
Nililipima jana kwa utepe wangu wa kazi."
Kisha: "Na hiyo ngozi, inakwenda wapi?"
Inachomwa, nikasema. Ni kanuni.
"Aa."

Akasaini. Herufi zake zimelala kulia,
zimeshikana mikono.

Chini, kwenye mashine ya kahawa, nilimkuta kijana mpana,
fundi wa kuchomelea vyuma, madoa ya cheche hadi kwenye viwiko,
kikombe cha plastiki kimepotea kiganjani mwake.
Wewe ndiye nesi wa mama?
Aliniuliza kuhusu mirija itakayotoka ubavuni,
nani ataimwaga, mara ngapi kwa siku,
akasema atafanya yeye, ameshaomba likizo.
Ule mkanda wa kubana, wiki sita? Sita.
Atatembea ameinama? Siku kumi hivi,
kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.
Asinyanyue chochote? Chochote. Hata wewe.
Hakucheka.
Alikizungusha kikombe, macho kwenye vitufe vya mashine,
sukari, bila sukari,
akasema:
"Nilizaliwa na kilo tano.
Ni mimi, sivyo? Mimi ndiye niliyemharibu vile."

Miaka kumi na tisa. Droo tatu za vipeperushi.
Nikamwambia nyuzi za ndani huyeyuka zenyewe,
hazihitaji kutolewa.
Sijui kwa nini nilisema hivyo.
Akaitika kwa kichwa, kama niliyemjibu,
akatupa kikombe,
akatoka kusogeza gari hadi mlangoni kabisa
ili mama asilowe.